LF, WP au DG: Ukiwa na pesa ya kozi moja tu Australia, uanze na leseni ipi?

Swali hili nimeulizwa harusini Logan, nimeulizwa msibani Wodonga, na juzi nimeulizwa na dada mmoja tukiwa kwenye foleni dukani, kila mtu na gunia lake la mchele: "Kaka, nimeweka akiba ya kozi moja. Nichukue foko, nichukue bumu, au nikasomee kufunga mizigo ya kreni?" Foko ni gari lenye uma la kunyanyua paleti, na bumu ni mkono mrefu wa chuma wenye kikapu cha kupandisha mtu juu. Anayeuliza mara nyingi hana miezi mingi nchini. Au anayo miaka, ila yote imeishia kwenye kupakua makontena kwa mikono, na mgongo umeanza kulalamika. Kwake kozi moja ni kodi ya nyumba ya wiki nzima, na akichagua vibaya, kozi ya pili haipo mwaka huu. Jibu la kusimama foleni halimtoshi mtu huyo, kwa hiyo ninaliandika hapa kwa kirefu.

Kwanza tuelewane kuhusu leseni yenyewe. Australia ina orodha ya kazi zinazohesabiwa kuwa za hatari kubwa, na huruhusiwi kuzifanya bila leseni hata kama mwenye kampuni ni shemeji yako. Madaraja yako karibu 30: foko, kreni za aina nyingi, bumu, boila, kufunga mizigo, kujenga majukwaa ya saiti za ujenzi na mengine. Leseni hutolewa na mamlaka ya usalama kazini ya jimbo unaloishi, kama SafeWork NSW, WorkSafe Victoria au Workplace Health and Safety Queensland, na ukiipata jimbo moja inatambulika nchi nzima. Ni kadi moja yenye picha yako. Ukiongeza daraja, herufi zake zinaongezwa kwenye kadi hiyo hiyo: LF ni foko, WP ni jukwaa la bumu, DG ni kufunga na kuongoza mizigo ya kreni, kazi ambayo hapa huitwa dogingi.

Lazima uwe umetimiza miaka 18. Leseni ya gari si sharti, na wengi hushangaa kusikia hivyo. Cheti cha foko ulichopata Mombasa, Dar es Salaam au Dubai hakibadilishwi kuwa leseni ya hapa. Ujuzi wako utakusaidia sana siku ya mtihani, lakini mtihani utaufanya upya.

Na kabla hujalipa hata senti, uwe na namba ya mwanafunzi inayoitwa USI. Tangu 2015 chuo hakiwezi kukupa cheti cha kozi bila namba hiyo. Inaombwa mtandaoni bila malipo, na waliokuja kama wakimbizi wanaweza kutumia ImmiCard kujitambulisha.

Vigezo nitakavyovitumia

Leseni zote tatu nitazipima kwa mambo yale yale. Kazi yenyewe ikoje kuanzia asubuhi hadi jioni? Kozi na mtihani vinadai nini, hasa Kiingereza na hesabu? Gharama yote ni ipi, pamoja na vitu ambavyo bango la chuo halivitaji? Soko lake likoje kwa mgeni, na linakupeleka wapi baadaye? Na mwisho, inamfaa mtu wa namna gani?

Kigezo cha sita nitakitenga, kwa kuwa kinazigusa leseni zote: kuitunza. Watu wengi ninaowajua hawakushindwa mtihani. Leseni iliwafia mfukoni.

LF: foko

Kazi yenyewe. Unashusha paleti kwenye lori, unazipanga kwenye rafu, unapakia tena. Maghala makubwa yako pembezoni mwa miji: Truganina na Derrimut upande wa Melbourne, Eastern Creek magharibi mwa Sydney, Acacia Ridge na Crestmead kwa watu wa Brisbane. Huko Shepparton ni matunda na makopo. Uko chini ya paa, umekaa, na kazi ina shifti za mchana na za usiku. Hatari kubwa ya foko ni watu wanaotembea kwa miguu karibu nayo. Usukani hugeuza magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukikata kona, mkia unafagia upande wa pili, na mtu aliyesimama hapo hana pa kukimbilia.

Kozi na mtihani. Vyuo vingi huiendesha kwa siku mbili au tatu. Kuna maswali ya maandishi, hesabu kidogo, na sehemu ya vitendo mbele ya mtahini. Hesabu zinahusu uzito wa mzigo na bamba la uwezo lililobandikwa kwenye mashine. Bamba likisema kilo 2,500 kwa milimita 600, maana yake uzito huo unabebeka endapo kitovu cha mzigo kiko milimita 600 kutoka mgongo wa uma. Mzigo mrefu unaosogeza kitovu mbele zaidi unapunguza uwezo, na foko inaweza kuinama mbele kama mtu aliyebebeshwa ndoo kwa mikono iliyonyooshwa. Ukielewa mfano huo wa ndoo, nusu ya hesabu umeshaielewa. Katika maswali kuna moja ambalo naomba ulishike kwa ajili ya uhai wako kuliko kwa ajili ya kufaulu: foko ikianza kupinduka, usiruke. Baki kwenye kiti na mkanda umefungwa, shika usukani kwa nguvu, egemea upande ulio kinyume na unakoangukia. Wanaoruka ndio wanaogongwa na paa la foko lenyewe.

Gharama. Mara nyingi ni kati ya dola 350 na 600 kwa kozi. Ada ya leseni kwa mamlaka ya jimbo kwa kawaida hulipwa kando, kwa hiyo uliza kama imo kwenye bei. Viatu vya chuma na fulana ya kuakisi mwanga utavihitaji hata hivyo.

Soko na njia ya mbele. Hapa ndipo milango ni mingi kwa mgeni, na hapo hapo ndipo foleni ilipo ndefu, maana kila mtu ana LF. Mawakala wa ajira huuliza leseni, halafu huuliza uzoefu wa miezi sita. Njia ambayo nimeiona ikifanya kazi mara nyingi ni ya mtu ambaye tayari yumo ghalani kama mpakiaji: anapata leseni, anamwambia msimamizi, anaanza kupewa foko mtu mwingine anapoumwa au anapokwenda likizo. Uzoefu unazaliwa hivyo. Kupanda ngazi kutoka LF kuna kikomo chake. Unaweza kuongeza LO, mashine ya kuokota bidhaa ambayo wewe mwenyewe unapanda juu pamoja na mzigo. LF haikuruhusu kuitumia hiyo, ingawa wengi hudhani ni familia moja. Baadaye labda usimamizi wa shifti, au mashine kubwa za kontena bandarini.

Inamfaa nani. Mama au baba anayetaka ratiba inayoeleweka, mtu ambaye Kiingereza chake bado kinakua, aliyeko ghalani tayari, na asiyependa urefu wala jua. Kina dada wengi wamefanya vizuri sana kwenye foko. Kazi yake ni subira na macho, misuli haihitajiki.

WP: jukwaa la bumu

Kazi yenyewe. Ni kikapu kilichoko mwisho wa mkono mrefu wa chuma. Unakiendesha mwenyewe ukiwa ndani yake, kupanda na kuzunguka, ili ufunge taa, upake rangi, uunganishe vyuma au usafishe vioo. Zingatia kipimo: leseni ya WP inahitajika kwa bumu lenye urefu wa mita 11 au zaidi. Bumu fupi zaidi na yale majukwaa ya mkasi yanayopanda wima hayako kwenye leseni hii. Mwajiri bado lazima ahakikishe umefundishwa, na wengi hutaka kuona Yellow Card ya chama cha mashine hizo. Nimeona watu wakilipia WP kumbe kazi waliyoahidiwa ilikuwa ya mkasi. Muulize mwajiri aina ya mashine na urefu wake, akuandikie.

Kozi na mtihani. Siku moja hadi mbili au tatu kulingana na chuo. Maswali yapo, hesabu ni chache kuliko za DG. Sehemu ya vitendo ndiyo inayowashinda baadhi, kwa sababu mwili unakataa. Bumu hupiga msukosuko linapopita kwenye shimo dogo: sentimita chache chini ya gurudumu huwa mrusho mkubwa kule juu, ndiyo maana mkanda wa mwili hufungwa kwenye nanga iliyo ndani ya kikapu tangu mwanzo. Utapimwa pia kuhusu nyaya za umeme, upepo, ardhi laini, na jinsi mtu aliyeko chini anavyokushusha kwa vidhibiti vya dharura ukizimia huko juu. Kama hakuna mtu chini anayejua vidhibiti hivyo, usipande. Hilo mtahini atakuuliza, na saitini litakutokea kweli.

Gharama. Inakaribiana na ya foko. Ila kama kazi ni ya ujenzi, ongeza White Card, ile kadi ya mafunzo ya awali ambayo bila hiyo huruhusiwi kufanya kazi kwenye saiti. Ni kozi ya siku moja.

Soko na njia ya mbele. WP peke yake ni chombo bila fundi. Hakuna anayekuajiri kuendesha kikapu tu. Mwajiri huajiri fundi rangi, fundi umeme, mfunga vyuma, mtu wa mabango, kisha anauliza kama una WP. Mimi hili nililijua kwa kuumia. WP yangu niliichukua mapema, kwa shauku, nikiwa sina ufundi wowote wa kuupeleka juu, na kadi ikakaa mwaka mzima bila kuguswa. Mwenzangu aliyekuwa fundi rangi tangu Bujumbura alichukua kozi hiyo hiyo wiki ile ile na akaanza kuitumia Jumatatu iliyofuata.

Inamfaa nani. Mwenye ufundi tayari mkononi, asiyeogopa urefu, anayefanya kazi au aliyeahidiwa kazi na kampuni yenye mashine hizo.

DG: dogingi, kufunga na kuongoza mizigo ya kreni

Hapa nitakaa zaidi kidogo, kwa kuwa ndiyo leseni ambayo watu wetu wanaijua kwa uchache na kuiogopa zaidi, na nadhani wengine wanaiogopa bila sababu.

Kazi yenyewe. Kreni inapoinua kitu, kuna mtu wa chini anayeamua kifungwe kwa nini na vipi, anayekadiria uzito, na anayemwongoza mwendesha kreni kwa ishara za mkono, filimbi au redio, hasa pale mwendesha anapokuwa hauoni mzigo. Huyo ndiye mwenye DG. Bandarini kwetu kazi hii ipo siku zote, watu huiona kama ya kibarua wa ndoano. Hapa ni kazi yenye leseni na heshima yake, kwa sababu macho ya mwendesha kreni ni yako. Utafanya kazi nje, jua na baridi, asubuhi na mapema, ukibeba minyororo mizito. Jioni utalala bila kubembelezwa.

Kozi na mtihani. Kwa kawaida ni siku tano. Kuna mafundo ya kamba ya kuyafunga mbele ya mtahini, na mtu aliyekulia kwenye majahazi ya Lamu au Kilwa atafika akiwa anayajua kadhaa. Kuna kukagua vifaa: waya uliokatika nyuzi, mnyororo uliorefuka, mkanda ulioliwa na jua, ndoano iliyofunguka mdomo. Kuna ishara. Na kuna hesabu, ambazo ndizo zinazowarudisha watu nyumbani.

Ngoja nikuonyeshe hesabu ya namna hiyo, uamue mwenyewe kama unaiweza. Una bonge la zege lenye urefu wa mita 2, upana mita 1, kimo nusu mita. Zidisha: ni mita moja ya ujazo. Zege ya kawaida ina kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mzigo ni kilo 2,400. Una kamba mbili za waya zenye kipenyo cha milimita 14. Kanuni ya kazini kwa kamba ya waya ni kipenyo kuzidishwa kwa kipenyo, kisha mara 8: 14 mara 14 mara 8 ni kilo 1,568 kwa mguu mmoja. Sasa jambo ambalo watu hulisahau ni pembe kati ya miguu hiyo miwili pale juu kwenye ndoano. Ikiwa nyuzi 60, unazidisha uwezo wa mguu mmoja kwa 1.73, unapata zaidi ya kilo 2,700, na bonge linapanda salama. Ukiwa na kamba fupi na pembe ikafunguka hadi nyuzi 90, unazidisha kwa 1.41, unapata kama kilo 2,200. Kamba ni zile zile, mzigo ni ule ule, na sasa hazitoshi. Pembe ikifika 120, miguu yote miwili inabeba sawa na mguu mmoja tu.

Ukiweza kufuata aya hiyo na kalamu na kikokotoo, DG unaiweza. Hesabu zake ni za darasa la saba. Kinachowashinda watu wazima ni kwamba hawajashika kalamu miaka ishirini, na tiba yake ni wiki mbili za mazoezi mezani kabla ya kozi.

Gharama. Ndiyo ghali kuliko zote tatu, mara nyingi huvuka dola 900, na siku tano za kozi ni siku tano bila mshahara. Hesabu hilo la pili pia. Ongeza White Card.

Soko na njia ya mbele. Matangazo ya kazi ni machache kuliko ya foko, lakini wenye leseni nao ni wachache, na malipo ya saiti kwa saa kwa kawaida yanazidi ya ghalani. Uzuri wake mkubwa ni ngazi. DG ndiyo mlango wa rigingi, ufundi wa kuinua na kusimamisha vyuma na mitambo, wenye madaraja matatu: RB, kisha RI, kisha RA, na huwezi kuingia RB bila kupitia DG. Wengine huhamia kwenye kreni yenyewe, kwa kuwa wameshaujua mzigo kutoka chini. Udhaifu wake ni kwamba ujenzi hupanda na kushuka. Mradi ukiisha, unahama, wakati mwingine hadi mji mwingine, na familia inabaki.

Inamfaa nani. Kijana au mtu mwenye mwili imara, mwenye Kiingereza cha kusikia na kusema haraka kwenye redio bila kubahatisha, na anayetaka ufundi wa kukua nao miaka kumi ijayo. Hapo kwenye Kiingereza sina la kulainisha. Kwenye foko ukielewa vibaya, unauliza tena. Mzigo ukiwa hewani juu ya vichwa vya watu, hakuna nafasi ya "sema tena".

Njia ya kuipata ni moja kwa zote

Chagua chuo kilichosajiliwa. Kwenye tovuti ya training.gov.au unatafuta jina la chuo au namba ya kozi: TLILIC0003 kwa foko, TLILIC0005 kwa bumu, CPCCLDG3001 kwa dogingi. Kama chuo hakina namba hiyo kwenye orodha yake, ondoka. Akitokea mtu wa kukuuzia leseni ya siku moja bila mtihani, usimpe hata jina lako. Mamlaka ina uwezo wa kukuita ufanyiwe tathmini upya, na wa kufuta leseni iliyopatikana kwa udanganyifu.

Chuo kitakupima Kiingereza na hesabu kabla ya kuanza. Mtihani uko kwa Kiingereza. Kama kusoma ndiko kunakokusumbua na kusikia uko sawa, waulize kabla ya kulipa watakusaidiaje siku ya maswali, na jibu lao liwe la maandishi.

Ukifaulu, una siku 60 za kuomba leseni kwa mamlaka. Namjua mtu aliyefaulu vizuri, akasafiri kwa msiba, akarudi siku ya sabini na kitu. Ilibidi arudie mtihani kwa pesa yake. Omba wiki ile ile.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: ukiwa umeandikishwa kwenye kozi, unaruhusiwa kufanya mazoezi kazini chini ya usimamizi wa karibu wa mtu mwenye leseni ya daraja hilo. Kama mwajiri wako yuko tayari, saa hizo za mazoezi zina thamani kuliko siku yoyote ya darasani. Na kama uko chini ya mtoa huduma wa Workforce Australia, mpango wa serikali wa kuwasaidia watu kupata kazi, mwombe mshauri wako kabla hujalipa, kwa sababu wana mfuko unaoweza kugharamia leseni inayokuelekeza kwenye kazi. Ukishalipa mwenyewe, kurudishiwa ni kazi nyingine.

Kuitunza

Leseni inadumu miaka 5. Kabla haijaisha unaomba kuihuisha, unalipa ada, na unatia saini tamko kwamba ujuzi wako bado uko hai. Tamko hilo ni la kisheria, na mtu ambaye hajagusa mashine tangu siku ya mtihani atatia saini akisema nini? Kwa sababu hiyo nashauri uandike daftari dogo: tarehe, mashine, saa, jina la msimamizi. Halichukui dakika mbili kwa siku, na litakusaidia pia kwenye usaili wa kazi nyingine.

Ikishaisha muda, huruhusiwi kufanya kazi nayo hata siku moja. Bado una miezi 12 ya kuihuisha bila kurudi darasani. Ikipita hapo, unaanza upya kozi na mtihani, na pesa yote inalipwa mara ya pili. Kwenye majimbo yanayofuata sheria ya mfano ya kitaifa ya usalama kazini, ukituma maombi kabla ya tarehe ya mwisho, leseni huhesabika bado inaendelea hadi waamue.

Watu wetu hupoteza leseni kwa sababu ndogo sana: barua ya kukumbusha ilikwenda kwenye nyumba waliyohama. Sheria inakutaka uijulishe mamlaka ndani ya siku 14 unapobadilisha anwani. Sisi huhama mara kwa mara miaka ya mwanzo, kutoka kwa ndugu hadi chumba, kutoka chumba hadi nyumba. Kila unapohama, leseni iwe kwenye orodha pamoja na benki na shule ya watoto. Mimi tarehe yangu nimeiandika nyuma ya mlango wa jikoni, ambapo mke wangu huiona kuliko mimi.

Kwa walio kwenye saiti, kumbuka kwamba White Card nayo inaweza kufa: usipofanya kazi ya ujenzi kwa miaka miwili mfululizo, unatakiwa kurudia mafunzo yake. DG na WP zinaweza kuwa hai kabisa na bado ukazuiwa getini.

Ukizilinganisha kwa kigezo hiki, LF ndiyo rahisi kuiweka hai, kwa kuwa foko ziko kila mahali na hata kazi ya wikiendi inatosha kukuweka sawa. DG hubaki hai ukiwa saitini na hupoa haraka ukitoka. WP hutegemea ufundi wako mwingine.

Sasa, kwa hali yako

Kama uko ghalani leo, hata kwa kupakia kwa mikono, na msimamizi wako ana foko zinazohitaji watu, LF ina maana zaidi kwako kuliko mbili zilizobaki. Nenda kazungumze naye kabla ya kulipa. Muulize: "Nikiileta kadi, utanipa saa?" Jibu lake ndilo litakalokuonyesha kama pesa yako itarudi ndani ya miezi michache.

Kama una ufundi wa rangi, umeme, vyuma au vioo na tayari uko na kampuni, angalia mashine zilizoko uani kwao. Zikiwa bumu ndefu, WP. Zikiwa za mkasi tu, tunza pesa yako.

Kama una miaka chini ya arobaini, mwili unaruhusu, Kiingereza cha redio unakiweza, na nyumbani kuna kipato kingine cha kukubeba wiki ya kozi pamoja na majuma ya kutafuta kazi, DG inastahili kufikiriwa kwa uzito, hata kama itakubidi usubiri miezi mitatu zaidi kukusanya ada.

Kama Kiingereza bado ni cha kuanzia, usilipie yoyote mwezi huu. Madarasa ya bure ya Kiingereza kwa wahamiaji yanakuja kwanza, na ukiwa huko chukua maneno ya kazi: mzigo, uwezo, simamisha, shusha polepole, hatari juu. Yaseme kwa Kiingereza mpaka yatoke bila kufikiri.

Na wewe dada wa foleni ya mchele, uliyeniambia una watoto wawili wa shule na kazi ya ghala ya usiku: nilikwambia nitafikiria. Kwa ulivyonieleza, ningeanza na LF, halafu LO baada ya miezi sita kama ghala lenu lina rafu ndefu. USI tunaweza kuiomba pamoja Jumamosi, njoo na ImmiCard yako.